Ulimi wa Mulili: Tamthilia za Francis Imbuga na Sikio la Muhuru Bay

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu imekuwa desturi kumgawa mwandishi wa tamthilia kwa kuangalia lugha aliyoandikia. Aliyeandika kwa Kiingereza hukabidhiwa idara ya Fasihi. Aliyeandika kwa Kiswahili hukabidhiwa idara ya Kiswahili. Kila upande ukahakiki wake kana kwamba wa pili hayupo. Mgawanyo huu hurahisisha kazi ya kupanga mihula, lakini huficha swali ambalo ndilo la kwanza katika sanaa ya maonyesho: mchezo unatazamwa na nani, na mtazamaji huyo anausikia vipi? Tamthilia haiishii katika maandishi. Ni maneno yanayotoka kinywani mwa mtu yakaingia sikioni mwa mwingine, na sikio hilo lina makao yake, lugha zake na vicheko vyake.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kumchukua mwandishi mmoja na hadhira moja. Mwandishi ni Francis Imbuga (1947–2012), mtunzi na mwigizaji wa Kenya aliyefanya kazi jukwaani na katika televisheni. Hadhira ni watu wa Muhuru Bay, kusini-magharibi mwa Kenya, katika Kaunti ya Migori, pale Ziwa Viktoria linapopakana na Tanzania. Imbuga hakuwaandikia hao hasa. Lakini tamthilia yake mashuhuri, Betrayal in the City (1976), kwa vipindi mbalimbali imesomwa kama kitabu cha mtihani katika shule za sekondari za nchi nzima, na kwa njia hiyo imefika mpaka ufukoni. Pia imetiwa katika Kiswahili kwa jina la Usaliti Mjini. Shabaha yetu si kuipima tafsiri hiyo mstari kwa mstari. Tunataka kuonyesha tatizo linalomkabili kila anayetaka kuileta Kafira katika Kiswahili, na kudai kwamba tatizo hilo, tukilitazama vyema, linatufunulia jambo juu ya Imbuga ambalo maandishi ya Kiingereza yanaweza kulificha.

2. Mwandishi na njia zake

Imbuga alizaliwa Maragoli, magharibi mwa Kenya. Alisoma Alliance High School, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akafundisha kwa miaka mingi Kenyatta, tangu ilipokuwa chuo kishiriki hadi baada ya kufanywa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Shahada ya uzamivu aliipata katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwa utafiti juu ya tamthilia za John Ruganda wa Uganda.

Hapo Alliance pana jambo la kutafakari. Katika miaka ya 1950 shule hiyohiyo ilikuwa chimbuko la tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya. Nakupenda, Lakini… ya Henry Kuria na Atakiwa na Polisi ya B.M. Kurutu, zote zilizochapishwa mwaka 1957, zilitokana na michezo ya vijana wa hapo. Muongo mmoja baadaye, Imbuga alipoanza kutunga akiwa mwanafunzi, mashindano ya maigizo ya shule yalikuwa yakitawaliwa na Kiingereza, na kijana mwenye kipaji alijua tuzo iko wapi. Kijito cha Kiswahili kilichoanza kutiririka pale hakikukauka kwa kukosa maji. Mkondo wake ulielekezwa kwingine.

Orodha ya kazi zake za jukwaani inajulikana: The Fourth Trial (1972), The Married Bachelor (1973), Betrayal in the City (1976), Games of Silence (1977), The Successor (1979), Man of Kafira (1984) na Aminata (1988). Mwaka 1989 The Married Bachelor ilitoka upya kwa jina la The Burning of Rags. Baadaye zikaja Miracle of Remera (2004), inayohusu UKIMWI, na The Green Cross of Kafira, iliyochapishwa mwaka 2013 baada ya kifo chake.

Betrayal in the City ndiyo iliyompandisha kileleni. Pamoja na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Kabla ya hapo, Oktoba 1976, zote mbili zilichezwa katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Nairobi, zikibanwa katika siku chache baina ya maonyesho ya vikundi vya kigeni, jambo lililozua ubishi mkubwa juu ya nani mwenye jumba hilo.

Kwa upande wa televisheni, Imbuga alikuwa mtu wa Sauti ya Kenya tangu ujana wake. Aliandika michezo, akaigiza, akajulikana kwa sura kabla ya kujulikana kwa kitabu. Kazi hiyo ndiyo iliyomfunza ufundi wa majibizano mafupi na kicheko kinachokatishwa ghafla, sifa mbili ambazo kila msomaji wa Betrayal in the City huziona. Lakini televisheni ya miaka ya 1970 ilikuwa ya watu wachache wa mijini, na ilikuwa chombo cha serikali. Sehemu kubwa ya michezo ile haikuchapishwa, na kisichochapishwa hakihakikiwi. Hivyo nusu ya kazi ya mwandishi huyu imebaki nje ya uhakiki wetu.

Filamu haikuwa njia yake, na sababu haimo katika kipaji chake. Kampuni za kigeni zilikuja kupiga picha katika ardhi yetu, Out of Africa ya mwaka 1985 ikiwa mfano mashuhuri, lakini filamu ndefu ya Mkenya mwenyewe ilikuwa jambo adimu. Kolormask ya Sao Gamba ilitoka mwaka 1986, miaka kumi baada ya Betrayal in the City.

Inafaa hapa kumlinganisha na mwandishi wa mbali aliyeandika kejeli ya kisiasa katika miaka ileile chini ya chama kimoja. Dušan Kovačević wa Serbia, aliyezaliwa mwaka 1948, alianza jukwaani mwaka 1973 na Maratonci trče počasni krug, mchezo wa familia ya wauza majeneza. Alipata pia kufanya kazi katika Televisheni ya Belgrade. Mchezo huo ukawa filamu mwaka 1982. Balkanski špijun, mchezo wa mtu anayemshuku mpangaji wake kuwa jasusi, ulichezwa mwaka 1983 na ukawa filamu mwaka uliofuata, yeye mwenyewe akishiriki katika kuiongoza. Mwaka 1995 Underground, filamu iliyoongozwa na Emir Kusturica na kutokana na mchezo wake wa zamani, ilishinda tuzo kuu ya Cannes. Tofauti ya msingi baina ya wawili hawa haipo katika ujasiri wala ufundi. Kovačević alikuwa na lugha moja iliyoweza kupita jukwaani, studioni na sinema bila kubadili nguo, na muuza duka wa Belgrade aliisikia sawasawa na profesa. Imbuga hakuwa na njia hiyo. Alikuwa na Kiingereza cha jukwaa na kitabu, na kila alipotaka kuvuka kwenda kwa umma ilimbidi apite darasani.

3. Mulili na Jusper

Kafira ni nchi ya kubuni ambayo jina lake ni herufi za Afrika zilizopanguliwa. Inatawaliwa na Boss. Mwanafunzi Adika ameuawa katika maandamano; wazazi wake, Doga na Nina, wanakatazwa hata kumwombolezea kaburini kwa amani; ndugu yake, Jusper, amerukwa na akili, au ndivyo wengi wanavyoamini. Mhadhiri Mosese yuko gerezani kwa shtaka la kubambikizwa. Karibu na Boss yuko binamu yake Mulili, askari asiye na elimu aliyepandishwa kuwa mshauri, mwenye wivu wa mali na mwepesi wa kuchongea. Mwishoni zoezi la mchezo ulioandaliwa kwa ajili ya mgeni wa taifa linageuka kuwa mapinduzi: bunduki za kuigizia zinakuwa bunduki kweli. Boss anaachwa hai. Mulili, aliyekuwa tayari kumkana binamu yake papo hapo, anapigwa risasi na Jusper.

Wahakiki wengi wameshughulikia dhamira ya usaliti na mbinu ya mchezo ndani ya mchezo. Sisi tunataka kushika jambo moja la fani: usemi. Mulili huongea Kiingereza kilichovunjika. Hukosea nyakati za vitenzi, hukosea viambishi, na misemo maarufu ya Kiingereza huisema kichwa chini miguu juu. Jusper, anayeitwa mwendawazimu, husema maneno yaliyonyooka. Hapa ndipo penye muundo wa tamthilia nzima: mwenye akili timamu na mamlaka ana ulimi uliopinda, na mwenye wazimu ana ulimi ulionyooka. Wasomaji wa Kiswahili hawatakuwa wageni wa muundo huu, kwa kuwa Abunuwasi alikwisha kutuzoesha mjinga anayesema kweli mbele ya sultani.

Katika Kiingereza cha Kenya kosa la Mulili linaeleweka mara moja. Kiingereza ni lugha ya ofisi, mahakama na cheti. Asiyekijua hana haki ya kukaa kwenye kiti kile, na kila anapofungua kinywa hadhira inakumbushwa kwamba amekipata kiti kwa ujamaa wa damu. Kicheko kinamwangukia Mulili, na kupitia kwake kinauangukia utawala unaowapandisha watu wa aina yake.

Sasa tumvushe Mulili katika Kiswahili. Atakosea nini?

4. Sikio la Muhuru

Jibu la haraka ni kumpa Kiswahili kibovu: achanganye ngeli, aseme "kitu yangu" na "watu ile", na matamshi yake yaburute lafudhi ya lugha ya kwao. Njia hii ina historia ndefu katika vyombo vyetu. Vichekesho vya Kiswahili vya televisheni ya Kenya, Vioja Mahakamani na Vitimbi vikiwa mbele, viliwafunza watazamaji kwa miaka mingi kucheka lafudhi. Mjaluo, Mluhya, Mkikuyu na Mkalenjin walijulikana kwa namna walivyokitamka Kiswahili, na mara nyingi utani ulikamilika mhusika alipofungua kinywa tu. Hatudai kwamba vichekesho hivyo vilikuwa na nia mbaya. Vilipendwa na wenye lafudhi hizo wenyewe, na wakati mwingine aliyechekwa ndiye aliyemshinda hakimu kwa werevu. Tunachodai ni kwamba viliweka kanuni: Kiswahili kibovu ni alama ya kabila.

Tuisikilize kanuni hiyo tukiwa Muhuru Bay. Wakazi wengi huko ni Wajaluo na Wasuba, na lugha ya Kisuba kwa vizazi kadhaa imekuwa ikimezwa na Kijaluo. Wakuria hawako mbali. Ng'ambo ya mpaka, Shirati na Rorya, wako Wajaluo wa Tanzania ambao ni ndugu kwa lugha na kwa ukoo. Mvuvi wa omena wa upande wa Kenya na mvuvi wa dagaa wa upande wa Tanzania huvua samaki yuleyule kwa taa zilezile. Wakizungumza Kijaluo hawatofautiani sana, lakini wakiingia katika Kiswahili kila mmoja huonekana ametoka wapi. Mmoja amekulia katika nchi ambako Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi na ya ofisi ya kijiji. Wa pili amekulia katika nchi ambako Kiswahili kilikuwa somo la hiari mpaka mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya cha lazima katika mtihani mwaka 1985. Hivyo katika ufuko mmoja pana Kiswahili cha darasani, Kiswahili cha Tanzania, Kiswahili cha soko la samaki na Kiswahili cha askari na maofisa wa mpakani.

Katika mazingira haya Kiswahili kisicho sanifu hakina maana ambayo Kiingereza kibovu kinayo. Hakimwonyeshi mtu kuwa mjinga aliyepanda cheo asichostahili. Kinamwonyesha kuwa jirani. Mama anayepimia omena sokoni huvunja ngeli kumi kabla ya adhuhuri, naye ndiye mwenye akili ya biashara kuliko wote waliomzunguka. Mulili akipanda jukwaani Muhuru na Kiswahili cha namna hiyo, hadhira itakuwa na njia mbili tu. Ama itajicheka yenyewe, na hapo mnyonge atakuwa amebebeshwa aibu ya mwenye nguvu. Ama itampenda Mulili kama mtu wa nyumbani, na hapo risasi ya Jusper itakuwa imempiga asiyestahili. Njia zote mbili zinaivunja tamthilia.

Tena kuna hatari kubwa zaidi. Imbuga alichukua tahadhari asiipe Kafira kabila. Majina ya wahusika hayaelekezi mahali pamoja, na ukoo wa Boss hautajwi kwa jina tunaloweza kulinyooshea kidole. Mtafsiri akimpa Mulili lafudhi ya kabila lolote, atakuwa amefungua mlango ambao mwandishi aliufunga. Hadhira itapumua na kusema, kumbe ni wale. Usaliti utakuwa tabia ya watu fulani badala ya kuwa tabia ya mfumo. Kwa nchi ambayo siasa zake zimeumizwa mara kwa mara na hesabu za kabila, hili si jambo dogo la mtindo.

5. Kiswahili cha mamlaka

Ni nini basi katika Kiswahili kinacholingana na Kiingereza cha Mulili? Tunapendekeza tutafute lugha ya mamlaka ndani ya Kiswahili chenyewe. Lugha hiyo ipo, na watu wa Muhuru wanaijua vizuri kuliko wahakiki. Ni Kiswahili cha baraza: cha afisa anayesimama juani akasoma risala, cha "kwa hivyo basi ndugu wananchi", cha maneno makubwa yaliyobebwa kutoka redioni na methali zilizotwaliwa ili kufunga mdomo wa mwenye swali. Kiswahili hiki hakina kabila. Kila afisa hukitumia, awe ametoka pwani au bara.

Kosa la Mulili liwe hapo. Ngeli zake ziwe sawa, lakini methali zimgeukie. Aseme kwa kujiamini kwamba kibaba na kibaba hujaza haba, na huku akihesabu mali aliyonyang'anya wenziwe, hadhira itacheka kisha itagundua kwamba amesema kweli bila kukusudia. Aseme kwamba asiyevunjika guu hamsikii mkuu, na kicheko kitakatika kooni, kwa kuwa kila mtu atakumbuka guu fulani lililovunjwa. Kwa njia hii upinduaji wa misemo ambao Imbuga aliutia katika Kiingereza unapata makao halisi katika Kiswahili, lugha ambayo methali ndani yake ni silaha ya mkubwa na ya mdogo pia. Jusper naye apewe methali zilezile zikiwa zimenyooka. Wasikilizaji wasiokuwa na cheti chochote watayatenganisha mawili hayo kwa sikio tu.

Zipo hoja za kutupinga. Ya kwanza ni kwamba uhalisi unadai askari asiye na shule aongee kama wasio na shule. Tunajibu kwamba Betrayal in the City haikusimama juu ya uhalisi wa aina hiyo. Ni kejeli, na nchi yake ni ya kubuni. Ya pili ni nzito zaidi: tukiondoa kosa la sarufi, tunaondoa pia dai la Imbuga juu ya elimu, kwamba utawala wa Boss unawaweka wasomi gerezani na wasiosoma ikuluni. Hoja hii tunaiheshimu, lakini inahitaji kupimwa upya. Je, ubaya wa Mulili ni kukosa shule? Tumbo, afisa mwenye kujua taratibu zote za ofisi, naye ni mla rushwa. Tamthilia yenyewe inakanusha kwamba elimu humtakasa mtu. Kiingereza kibovu cha Mulili kilimpa mtazamaji msomi nafasi ya kujitenga naye kwa wepesi mno. Tukimhamishia katika Kiswahili cha baraza, nafasi hiyo inafungwa, na msomi anajikuta akisikia lugha ambayo yeye mwenyewe huitumia anapotaka kutii na kutiiwa.

Hapo ndipo tunapoona kwamba kuivusha tamthilia si hasara tupu. Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile (1969) kwa Kiswahili kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza; The Trial of Dedan Kimathi ilifuata njia iliyo kinyume, ikawa Mzalendo Kimathi (1978). Kila safari ya namna hiyo hudondosha kitu na kuokota kingine. Kwa Imbuga, kinachodondoka ni kicheko cha darasa. Kinachookotwa ni kejeli kali zaidi juu ya lugha ya utawala.

Neno moja juu ya Aminata. Tamthilia hii, inayofungamana na mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Nairobi mwaka 1985, inahusu binti aliyerithishwa kipande cha ardhi na babake na wazee wanaokataa kumpa. Miaka miwili baadaye kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno iliigawa Kenya nzima juu ya mila, mjane na ardhi ya ukoo. Katika vijiji vya Nyanza swali la Aminata halihitaji kuelezwa na mwalimu. Ikichezwa kwa Kiswahili au kwa Kijaluo, ubishi utaanza kabla pazia halijafungwa. Kwa Kiingereza, hubaki swali la insha lenye alama ishirini.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kazi ya Francis Imbuga iligawanyika baina ya njia ambazo hazikukutana: jukwaa la Kiingereza, televisheni ya mjini isiyohifadhiwa katika vitabu, na filamu ambayo haikumpokea. Mgawanyiko huo haukuletwa na udhaifu wake. Ulitokana na mpango wa lugha na wa vyombo katika nchi yake. Tumeonyesha pia kwamba tatizo la kumtafsiri Mulili haliwezi kutatuliwa kwa kamusi, kwa maana linamlazimu mtafsiri aamue Kiswahili cha nani ndicho cha kuchekwa.

Kazi mbili zinawangoja wanaidara. Ya kwanza ni kutafuta na kuhifadhi maandishi ya michezo ya televisheni ya enzi za Sauti ya Kenya, ya Imbuga na ya wenzake, kabla wenye kuyakumbuka hawajatutoka. Ya pili ni kupeleka tamthilia zilizotafsiriwa mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, tukazisikilize huko, na kuhesabu ni wapi watu wamecheka na ni wapi wamenyamaza. Jukwaa la Muhuru Bay linaweza kuwa uwanja wa shule au kivuli cha mti karibu na mitumbwi. Kipimo chetu kitakuwa chepesi: Mulili akianguka, mama wa omena asihisi kwamba ni yeye aliyepigwa.